Mtumishi wa Pili wa Zahanati ya Wagalubu

Asubuhi, jua likiwa bado halijavuka minazi, Kedeluma alikuwa anapuliza moto nyuma ya jiko la shemeji yake, akigeuza kiazi kikuu kwa kijiti kwa sababu mfiwa haruhusiwi kushika chakula kwa vidole. Jivu lilikuwa limemwingia ndevuni. Akasikia dirisha la zahanati likifunguliwa, lile lenye bawaba yenye kutu, kisha ufagio. Hakuinua uso. Aliujua mkono ule kwa sauti tu: mfagio mrefu kulia, mfupi kushoto, halafu kikohozi kidogo cha vumbi. Alikuwa mke wake, Nelulu, aliyekufa mwezi wa Aprili.

Alikufa kwa malaria, ndani ya zahanati hiyohiyo aliyoihudumia tangu Eunisi, binti yao, hajaota meno. Siku ile kabatini mlikuwa na mkasi, beseni na kalenda yenye picha ya waziri. Dawa zilikuwa zinakuja. Ndivyo Nelulu alivyomwambia kila mtu aliyefika dirishani miaka yote ile, "Zinakuja," neno alilofundishwa na wakubwa wake mjini, na Kedeluma alilichukia neno hilo kama mtu anavyomchukia nzi wa kwenye kidonda. Mwaka ule fedha za dawa zilikuwa zimejenga jumba la mikutano kule mji mkuu, lenye milango ya kioo inayofunguka yenyewe mtu akikaribia. Walimzika nyuma ya kanisa siku ya Ijumaa. Jumatatu akafungua zahanati kwa wakati, sare nyeupe imenyooka, kisiginoni udongo kidogo.

"Nafasi yangu bado imo kwenye bajeti," alimwambia mchungaji, aliyekuwa wa kwanza kupita.

Mchungaji akasema basi sawa, akamwomba amtazame jipu.

Kwa watu wa Wagalubu hilo lilikwisha hapo. Kwa Kedeluma halikwisha, maana yeye hakuwa mtu wa pale. Kwao ni Dawaya, ng'ambo ya ghuba. Alikuja kuoa, na mwanamume aliyeoa ugenini, mke akitangulia, anakuwa mikononi mwa ndugu za mke mpaka wamwachie. Hanyoi. Haogi kwa sabuni. Mbele ya shemeji zake anapita ameinama, na njia aliyozoea kupita marehemu haikanyagi kabisa. Siku ndugu wakiridhika wanachinja nguruwe, wanamnyoa, wanamwosha, wanampakia botini na viazi vyake, anakwenda zake kwao. Kedeluma hakutaka kingine duniani. Asubuhi bila mawingu alikiona kilima cha Dawaya kutoka ufukweni, na moshi wa jiko la dada yake, na akajikuna.

"Shemeji," alimwambia Wesani, kaka mkubwa wa Nelulu, "nguruwe amenona mpaka kutembea hawezi. Mnangoja nini?"

Wesani alikuwa anatafuna popoo. Akachovya kijiti kwenye kibuyu cha chokaa, akakilamba taratibu.

"Tunangoja marehemu afe, shemeji."

"Si amekufa? Wewe mwenyewe ndiye uliyepigilia misumari."

"Na nilipigilia vizuri sana. Lakini jana kanifunga kidonda hiki hapa." Akanyoosha mguu uonekane. "Sasa nikunyoe leo, halafu kesho akinifungua kitambaa aniulize, kaka, mbona mume wangu ana kidevu kama yai? Nimjibu nini?"

Wanawake waliokuwa wakikuna nazi wakaangua kicheko. "Na ndevu zenyewe hizo, mkasi gani utaziweza?" mmoja akasema. "Azimeni panga!"

Kedeluma akaondoka ameinama, kama inavyompasa, akiitukana serikali chinichini. Hakuwa amesoma. Alichojua ni kwamba watu fulani waliovaa suti walikaa mahali penye feni, wakaandika kuwa kuna mtumishi Wagalubu, na kwa sababu waliandika, mke wake hana pa kulala.

Nelulu hakurudi nyumbani. Saa kumi alifunga dirisha, akapanda kwenye makaburi nyuma ya kanisa, na asubuhi akashuka. Hakula, hakuomba likizo. Mshahara wake ulikuwa unachukuliwa na mtu mjini ambaye hakuna aliyemjua, naye hakuuulizia. Dawa hakuwa nazo, kama siku zote, lakini sasa alikuwa na mikono ya baridi. Kina mama waligundua hilo mapema. Mtoto mwenye homa alilazwa mapajani mwake, Nelulu akamwekea kiganja kwenye paji la uso, na homa ikashuka kama maji ya bamvua yanayokupwa. Ilikaa chini mpaka saa kumi. Baada ya saa kumi ilirudi, kwa sababu zahanati ilikuwa imefungwa. Watoto wengine walivumilia mpaka asubuhi. Wengine hawakuvumilia.

Mwezi wa Septemba alikuja afisa kutoka makao ya jimbo, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, kuangalia vituo vipi vinafanya kazi kabla bajeti ya mwaka mpya haijaandikwa. Kedeluma hakuweza kukanyaga njia ya zahanati, kwa hiyo alimngoja ufukweni, majini, mawimbi yakimpiga magotini.

"Mkubwa, yule mtumishi wetu ni marehemu. Naomba mumfute jina, tumfanyie karamu yake apumzike. Na mimi niende kwetu."

Afisa alikuwa ametoka kumsalimia Nelulu mkono kwa mkono na bado alikuwa anavisugua vidole vyake kupata joto.

"Mzee, nimetembea kisiwa kizima," akasema. "Vituo vingine nimekuta mbuzi ndani. Huyu wako anafungua kwa wakati, anafunga kwa wakati, chumba kinang'aa. Nimfute nimweke nani?"

"Mweke binti yangu. Eunisi, njoo hapa."

Eunisi akaja mbio na cheti chake cha uuguzi, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki ili kisilowe. Alikuwa amekipata miaka mingi nyuma, na tangu miaka ile alikuwa analima.

Afisa alikitazama cheti bila kukitoa mfukoni. "Dada, hongera sana. Lakini nafasi ya hapa imejaa."

"Imejazwa na mama yangu aliyekufa," Eunisi akasema.

"Ndiyo hivyo. Imejaa." Akamgeukia Kedeluma, sauti akaishusha kama mtu anayetoa siri ya kumsaidia. "Na nikuambie, mzee. Jina likifutwa na nafasi inafutwa. Mkubwa wangu ataona hapa hapana mtu, atafunga. Hamtaipata tena. Ndivyo unavyotaka?"

"Nataka mke wangu alale," Kedeluma akasema. "Niandikie."

Afisa akasema atalifikisha. Habari zikatangulia kijijini kabla boti haijapotea nyuma ya mwamba. Matilda, jirani aliyekuwa na mtoto wa kiume asiyeachwa na homa, alimfuata Kedeluma mpaka jikoni, mtoto kiunoni.

"Wewe mzee wa majivu! Unataka kutuulia watoto ili ukaoge?"

"Mtoto wako anataka vidonge, mama. Hataki kiganja cha maiti."

"Basi viko wapi vidonge? Viko wapi? Nipe hapa!" Akatandaza mkono mbele yake. Kedeluma hakuwa na la kuuwekea. "Angalau maiti anakuja kazini," Matilda akasema, akaenda zake.

Bajeti ilisomwa Novemba, alasiri ya joto isiyo na upepo. Wesani aliitundika redio kwenye nguzo ya baraza, na kijiji kizima kikakaa chini yake. Kedeluma alikaa upande wa nyuma, mahali pa mfiwa, akisikiliza kupitia ukuta wa makuti. Wesani alikuwa amekubali: jina likifutwa, kesho yake nguruwe. Viazi vikuu vilishapangwa uani, na mkasi ulishanolewa.

Waziri wa fedha alisoma kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri. Alisoma magari ya mapokezi ya wageni. Alisoma ukarabati wa lile jumba la mikutano, maana milango ya kioo ilikuwa imeanza kufunguka hata pasipo mtu, na ilibidi itafutiwe walinzi. Alisoma barabara, alisoma meli ya doria. Kisha akaanza kusoma zahanati moja moja, kisiwa kwa kisiwa. Kuku waliokuwa wanachakura uani wakasimama. Watu wakatulia wakingoja zamu yao.

"Zahanati ya Wagalubu," waziri akasema redioni. "Kwa utendaji mzuri. Watumishi wawili. Dawa, zitatazamwa mwaka ujao."

Akaendelea na zahanati nyingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Nguruwe alikoroma uani. Ng'ambo ya uwanja Nelulu alitoka mlangoni, akasimama kidogo kama mtu aliyeitwa, akarudi ndani. Wakamsikia anaburuta kitu. Alikuwa ametoa kiti cha pili stoo, na sasa anakifuta vumbi.

"Wawili!" Eunisi alikuja nyuma ya nyumba anacheka na kulia. "Baba, umesikia? Nafasi ya pili! Ni yangu hiyo!"

"Wamekuita?"

"Wataniita. Nitawaandikia kesho."

Kedeluma alimtazama binti yake, meno yake yote, shingo yake yenye jasho. Aliwajua watu wale. Walishaonja mtumishi asiyekula, asiyeumwa, asiyedai, na mtu akishaonja hivyo hanunui tena kwa bei.

"Usiandike," akasema.

"Kwa nini?"

"Usiandike tu, mwanangu. Wasikujue jina."

Lakini aliandika.

Tangu siku hiyo Wagalubu ilibadilika, kila mtu akijichunga asiwe yeye wa kiti cha pili. Vijana waliacha kupanda minazi mirefu. Wavuvi walivua karibu, kwenye maji ya kiuno. Wazee wenye vikohozi walikohoa kwenye mito ya kulalia. Watoto wenye homa bado walipelekwa kwa Nelulu, ila sasa mama aliposimama kando alikuwa amemshika mtoto mguu, hamwachii. Nelulu hakulalamika. Kila asubuhi alikifuta kile kiti cha pili, na kila siku kilikuwa kimesogea kidogo kumkaribia.

"Huyo wa pili anaweza kuwa mtu wa kisiwa kingine," Wesani alisema jioni moja, akitafuna.

"Anaweza," watu wakasema.

Januari kikaja kisanduku. Boti ilikitupa ufukweni bila kuzima injini. Ubavuni kilikuwa na alama ya dawa, na watu wakakibeba mpaka uani kwa Wesani kama wanavyobeba bibi harusi. Ndani mlikuwa na sare moja nyeupe iliyokunjwa kwenye gazeti, na kalenda mpya. Kibandiko cha jina kifuani kilikuwa kitupu. Wanawake wakarudi nyuma. Matilda alimfunika mwanawe uso kwa khanga.

Eunisi hakuwapo. Alikuwa amelala ndani siku ya pili, homa imemkamata, mkeka umelowa. Aliposikia sauti akaita.

"Imekuja? Sare imekuja? Ileteni niijaribu."

Kijiji kizima kikatazama chini.

Kedeluma akatoka mahali pake pa nyuma. Hakuinama. Alipita mbele ya shemeji zake amesimama wima, jambo ambalo mfiwa hafanyi, na hakuna aliyemkemea. Akaichukua sare kwa vidole vyake vyenyewe, akaenda nayo nyuma ya jiko, akaivaa juu ya majivu.

Mikono ya sare ilikuwa mirefu. Akangoja. Ikapanda polepole mpaka ikafika kwenye vifundo vya mikono yake, ikakaa. Vifungo vikafungika bila kuvutwa, kana kwamba fundi alikuja kumpima akiwa usingizini. Hata begani, pale alipokuwa na nundu ya kubebea mitumbwi, sare ilikuwa na nafasi ya nundu.

"Imenitosha," akawaambia.

"Hujasoma, shemeji," Wesani akasema taratibu.

"Hawataki msomi. Msomi yuko ndani, anaumwa."

Mchana ule homa ya Eunisi ilishuka. Saa kumi ilipita, haikurudi.

Wesani hakuwa mtu wa kuharakisha mambo, lakini asubuhi alikuja na mkasi, na nyuma yake wakaja ndugu wote wa Nelulu. Akasema haiwezekani kumpeleka mtu kazini serikalini na ndevu kama kichaka, watu wa mjini wangewacheka. Basi karamu ikafanyika. Nguruwe akachinjwa, viazi vikagawiwa kila nyumba, na Matilda mwenyewe alileta sago iliyopikwa na nazi, akaiweka mbele ya Kedeluma. Wakamnyoa. Ndevu zikawaka motoni zikanuka.

"Kumbe mzee una kidevu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Ungekionyesha mapema tungekuozesha mwingine!"

"Mmoja amenitosha," Kedeluma akasema. "Hata kufa hataki." Na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu walihitaji kucheka.

Wakamwosha kwa sabuni mtoni. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Boti ya kumpeleka Dawaya ilikuwa inangoja, viazi vyake vimeshapakiwa. Kilima kilionekana wazi siku ile, mpaka mti mmoja mmoja, na moshi wa jiko la dada yake ukinyooka. Kedeluma aliingia majini, akashika ukingo wa boti, akahisi baridi isiyokuwa ya maji. Meno yakaanza kugongana.

"Shemeji?" Wesani akaita.

"Nipelekeni zahanati," akasema. "Sasa naruhusiwa."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili kukanyaga njia ile. Nelulu alikuwa dirishani. Alimlaza, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, na kiganja kilikuwa kilekile, ila baridi. Homa ikashuka. Walikaa hivyo mchana kutwa kama watu wanaongoja boti. Kedeluma alimuuliza kama anachoka, akasema hachoki. Alimuuliza kama inauma, akasema hapana, ila usiku kaburini anasikia dirisha likigongwa, na si saa za kazi.

Saa kumi aliondoa mkono.

"Jumatatu asubuhi," Nelulu akasema akifunga dirisha. "Usichelewe."

Watu wa Dawaya walikuja kumchukua, kama ilivyo haki yao, wakamzika kwenye kile kilima, karibu na mama yake. Jumatatu alifika Wagalubu, sare imelowa mpaka magotini, kwa sababu kutoka Dawaya njia ni bahari. Akakaa kwenye kiti cha pili. Kibandiko kifuani kilikuwa na jina lake, limeandikwa kwa mashine, na herufi moja imekosewa.

Afisa alipita Machi, akawashika mikono wote wawili, akasugua vidole, akaridhika. Eunisi alimfuata mpaka botini na mfuko wake wa plastiki. Barua yake ilikuwa imefika, afisa alisema, na imefunguliwa jalada. Nafasi kwa sasa zimejaa. Sasa Eunisi ndiye aliyekuwa hanyoi wala haogi kwa sabuni, kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya mama, na ndugu wa Dawaya walisema hawawezi kumwachia mtoto wa mtu aliye kazini.

Mwezi wa Aprili, mvua zilipoanza, Matilda alikuja dirishani na mwanawe. Safari hii mtoto alikuwa hashiki shingo, amelala begani kwa mama yake kama nguo iliyoloa. Nelulu alimpokea, akamwekea kiganja. Kedeluma akaongeza chake. Mikono miwili ilikuwa baridi zaidi ya mmoja, na mtoto akafumbua macho.

"Mzee," Matilda alisema, si kwa ukali. "Wewe ndiye uliyekuwa unasema. Vidonge. Mpaka saa kumi si mbali. Viko wapi?"

Kedeluma alikuwa na majibu. Alikuwa nayo mwaka mzima, ameyatafuna nyuma ya jiko pamoja na majivu: waliovaa suti, milango ya kioo, sauti ya mtu aliyeshiba. Akainuka kutoka kwenye kile kiti cha pili ayaseme yote, na aseme majina. Akafungua kinywa.

"Zinakuja," akasema.